Kuchagua Pedi za Breki: Maana ya Neno «Seramiki» na Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mnunuzi anayeingia katika duka la spea, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, huonyeshwa maboksi kadhaa ya pedi za breki yanayofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa bei. Juu ya baadhi ya maboksi hayo limeandikwa neno «CERAMIC», yaani seramiki, na mara nyingi neno hilo ndilo linalotolewa kuwa sababu ya bei kupanda. Mnunuzi hulipa bila kujua neno hilo lina maana gani, wala kama linalingana na kilichomo ndani ya boksi.

Tumeandaa somo hili ili kumsaidia mlaji wa kawaida, yaani mwenye gari la familia, dereva wa gari la abiria, mfanyabiashara wa samaki au mazao, na kijana apendaye magari ya mwendo kasi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza maana mbili za neno seramiki katika breki, kuchagua aina ya pedi inayofaa matumizi yake, kusoma alama zilizopigwa kwenye pedi, kutilia shaka bidhaa bandia, na kudai haki yake anapouziwa kitu kisicholingana na maelezo yake.

1. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto

Gari linapotembea hubeba nishati ya mwendo. Dereva akanyagapo breki, pedi huibana diski, na msuguano huigeuza nishati hiyo kuwa joto. Tuchukue mfano wa Toyota Noah yenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria na mizigo, ikienda kilomita 80 kwa saa kati ya Makutano na Bunda. Kuisimamisha kabisa huzalisha joto linaloweza kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Joto hilo huzaliwa katika sekunde chache, na sehemu kubwa yake hupokewa na breki za mbele. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto la kusimamisha gari huongezeka mara nne.

Kila pedi ina kiwango cha joto inachokistahimili. Kiwango hicho kikipitwa, msuguano hupungua: dereva hukanyaga kwa nguvu ile ile, lakini gari halipungui mwendo kama alivyozoea. Hali hii hutokea zaidi katika miteremko mirefu, gari likiwa limejaa mzigo, na breki zikikanyagwa bila kupumzika.

Tazama hesabu ifuatayo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri takribani mita 22 kila sekunde. Dereva aliyechukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki amekwisha kusogea mita 22. Kuanzia hapo, gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu huweza kusimama katika mita 35 hivi. Nguvu ya breki ikipungua kwa kiasi kisichofika hata theluthi moja, gari hilo hilo huhitaji mita 49. Tofauti ya mita 14 ni sawa na mabasi mawili ya Coaster yaliyosimama moja nyuma ya jingine. Katika barabara ambayo watoto huivuka wakienda shule na ng'ombe huivuka wakienda kunywa maji, mita hizo 14 huweza kuwa uhai wa mtu.

2. Neno seramiki lina maana mbili

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tunamwomba msomaji aende polepole.

Maana ya kwanza ni pedi za seramiki. Hizi ni pedi ambazo sehemu yake ya kusugua imetengenezwa kwa nyuzi za seramiki, vijazio mbalimbali na gundi maalumu, na wakati mwingine vipande vidogo vya shaba. Zimekusudiwa kutumika kwenye diski za kawaida za chuma cha kusubu. Diski za namna hiyo ndizo zilizomo katika Noah, IST, Probox, Harrier, Hiace na Land Cruiser tunazoziona kila siku mkoani Mara.

Maana ya pili ni diski za kabo-seramiki. Hapa kilichobadilika ni diski yenyewe. Haikutengenezwa kwa chuma, bali kwa nyuzi za kaboni zilizofungamanishwa na seramiki ngumu. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilianza kuzifunga katika magari yake ya barabarani mwaka 2001. Diski hizo huwa na uzito wa takribani nusu ya diski ya chuma yenye ukubwa unaolingana nayo, nazo hustahimili joto kali sana. Bei yake ni kubwa mno, na kwa sababu hiyo huonekana katika magari machache ya kifahari na ya mwendo kasi.

Pedi iliyoandikwa «CERAMIC» kwa ajili ya diski za chuma si lazima iifae diski ya kabo-seramiki. Pedi yenye vipande vya chuma inaweza kuiharibu diski hiyo ghali, na gari linaweza kukosa nguvu ya breki iliyokusudiwa na mtengenezaji. Vilevile, mwenye Noah hapaswi kuambiwa kwamba kwa kufunga pedi za seramiki amepata «breki za seramiki» kama za magari ya mashindano. Amepata pedi za aina nyingine juu ya diski zile zile za chuma.

Ikiwa una gari lenye diski za kabo-seramiki, au umeagiza gari la namna hiyo kutoka nje ya nchi, zingatia mambo matatu. Kwanza, tumia pedi ambayo mtengenezaji wa gari au wa diski ameitaja waziwazi kwa ajili ya diski hizo. Pili, usikubali diski hizo zipelekwe kuchongwa kama za chuma. Uchakavu wake hupimwa hasa kwa uzito, na kiwango cha chini cha uzito huandikwa kwenye diski yenyewe. Tatu, mwonye fundi awe mwangalifu anapotoa gurudumu, kwa kuwa ukingo wa diski ukigongwa na rimu huweza kumeguka.

3. Aina za pedi na matumizi yake

Kwa magari ya diski za chuma, pedi zinazouzwa hugawanyika katika makundi matatu makuu.

Pedi za nyuzi asilia na za viwandani, zisizo na asbesto. Pedi hizi ni laini, hazipigi kelele nyingi, hazili diski kwa haraka, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni kwamba huisha mapema, na msuguano wake hupungua zinapopata joto kubwa. Zinafaa gari dogo la mjini lisilobeba mzigo mzito, kwa mfano linalotoka Mwisenge kwenda Nyasho na kurudi.

Pedi zenye mchanganyiko wa chuma. Hizi zina kiasi kikubwa cha chuma kilichosagwa au nyuzi za chuma. Hustahimili joto zaidi na hufaa magari yanayobeba uzito na yanayoteremka milima. Kasoro zake ni kelele, vumbi jeusi kwenye rimu na kuila diski kwa haraka zaidi. Kwa gari la abiria la Musoma na Bunda, au pikapu inayobeba magunia kutoka vijijini Butiama, kundi hili mara nyingi ndilo lenye manufaa, mradi ubora wake ni wa kweli.

Pedi za seramiki. Hizi ni tulivu, vumbi lake ni jepesi na halionekani sana, na zikiwa halisi hudumu muda mrefu kwa matumizi ya kila siku. Zinafaa gari la familia na la ofisi. Hata hivyo, si kweli kwamba seramiki daima ni bora kuliko mchanganyiko wa chuma. Kwa gari linalobeba mzigo mzito na kukanyagwa breki mfululizo, pedi nzuri yenye mchanganyiko wa chuma inaweza kufaa zaidi. Chagua kwa kuangalia kazi ya gari lako, na kama kitabu cha gari kinataja aina fulani, fuata kitabu.

Katika barabara zetu lipo jambo la kuongeza, nalo ni vumbi na tope. Mchanga unaoingia kati ya pedi na diski huzila zote mbili, hata pedi ziwe bora namna gani. Gari linalotumia barabara za vumbi likaguliwe pedi mara nyingi zaidi kuliko linalotembea kwenye lami pekee. Baada ya kuosha gari au kuvuka maji, kanyaga breki polepole mara kadhaa ukiwa katika mwendo mdogo ili diski zikauke.

4. Pedi za mashindano si za barabarani

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya mashindano ya magari. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 yalirejea nchini Kenya yakiwa sehemu ya mashindano ya dunia. Si ajabu, basi, kwamba vijana wenye Subaru Impreza au Toyota Altezza hutamani kufunga pedi zilizoandikwa kuwa ni za mashindano.

Tunashauri wasifanye hivyo kwa gari la barabarani, na sababu yake ni joto. Pedi nyingi za mashindano hutengenezwa ili zifanye kazi vizuri diski ikiwa na joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, hali inayopatikana pale dereva anapokanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache. Katika safari ya kawaida ya mjini, diski haifiki joto hilo. Pedi hubaki baridi na msuguano wake huwa mdogo kuliko wa pedi ya kawaida. Maana yake ni kwamba breki ya kwanza ya asubuhi, pale mtoto anapokatiza barabara, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Zaidi ya hayo, pedi hizo hupiga kelele na kuila diski.

Kinyume chake ni kweli pia. Pedi ya barabarani ikipelekwa katika kiwanja cha mashindano hupata joto lisilo lake, gundi yake huungua, na breki hupotea. Anayeshiriki mashindano awe na seti mbili za pedi na azibadilishe kabla na baada ya shughuli. Wenye diski za kabo-seramiki wajue kwamba joto kali la mashindano yanayorudiwa huichakaza kaboni iliyomo ndani ya diski. Ndiyo maana baadhi yao hufunga diski za chuma kwa siku za mashindano. Wakifanya hivyo, pedi nazo hubadilishwa pamoja na diski. Pedi iliyotumika juu ya chuma isihamishiwe kwenye diski ya kabo-seramiki.

5. Kusoma alama

Kabla ya kutazama chapa, hakikisha pedi ni ya gari lako. Jina la gari peke yake halitoshi. Noah ya SR40, ya AZR60 na ya ZRR70 zote huitwa Noah, lakini usidhani pedi zake zinalingana. Nenda dukani na namba ya chesisi, au chukua pedi ya zamani ilinganishwe kwa umbo, unene na nafasi ya masikio yake.

Herufi mbili za msuguano. Pembeni mwa pedi nyingi hupigwa mfululizo wa herufi na tarakimu unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF, GG au FE. Herufi ya kwanza huonyesha kipimo cha msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida la kazi, na ya pili huonyesha kipimo hicho pedi ikiwa na joto kubwa. Herufi E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye FF huhifadhi kiwango chake inapopata joto, ilhali yenye FE hupungua nguvu. Herufi hizi hazielezi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele. Hueleza msuguano peke yake.

Alama ya E ndani ya mviringo. Pedi zilizoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 huwa na herufi E na tarakimu ya nchi iliyotoa idhini ndani ya mviringo, pamoja na namba inayoanza na 90R. Kwa mfano, E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa na E4 ni Uholanzi. Kanuni hiyo hutaka utendaji wa pedi ya badala usitofautiane na ule wa pedi ya awali ya gari kwa zaidi ya asilimia 15, na hutaka boksi lifungwe kwa namna itakayoonyesha kama limewahi kufunguliwa.

Namba ya toleo. Mtengenezaji makini huandika namba ya toleo au tarehe ya kutengenezwa, ili bidhaa yenye kasoro iweze kufuatiliwa. Boksi na pedi vikikosa namba hiyo, uliza sababu.

6. Dalili za pedi bandia

Boksi zuri linaweza kuchapishwa na mtu yeyote, kwa hiyo usiridhike na boksi. Mwambie muuzaji kwa adabu: «Kaka, naomba nizione pedi zenyewe kabla sijalipa.» Muuzaji mwaminifu hatachukia. Zikiwa mkononi, kagua yafuatayo:

(a) Je, maandishi ya kwenye boksi yana makosa ya tahajia, au jina la chapa limebadilishwa herufi moja?
(b) Je, herufi na namba zilizo kwenye boksi zinalingana na zilizo kwenye pedi?
(c) Je, pedi zote nne zina unene, rangi na uzito unaolingana?
(d) Je, kuna ufa, au nafasi kati ya bamba la chuma na sehemu ya kusugua? Pedi inayobanduka kutoka kwenye bamba huweza kuliacha gari bila breki katika gurudumu hilo.
(e) Je, sehemu ya kusugua inameguka ukiikwaruza kwa ukucha?
(f) Je, rangi imepakwa juu ya kutu?
(g) Je, bei iko chini mno kuliko ya chapa hiyo hiyo katika maduka mengine? Uliza walau maduka mawili kabla ya kuamua.

Tahadhari nyingine inahusu vumbi. Baadhi ya pedi, hasa za zamani na zisizojulikana zilikotoka, huweza kuwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Kwa kuwa macho hayawezi kuitambua, mwombe fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, bali alifute kwa kitambaa kilicholowa. Watoto wasikae karibu na kazi hiyo.

7. Kufunga na kuzoesha

Pedi bora iliyofungwa vibaya haina faida. Simama karibu na fundi wako, nawe uhakikishe mambo haya:

Pedi hubadilishwa kwa jozi, gurudumu la kulia na la kushoto la mhimili mmoja kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande mmoja dereva akikanyaga breki.

Diski hupimwa unene. Kiwango cha chini kwa kawaida hupigwa kwenye diski yenyewe baada ya maneno «MIN TH». Diski iliyopungua chini ya hapo hubadilishwa, haichongwi tena.

Grisi inayostahimili joto hupakwa kwenye pini za kalipa zinazoteleza. Isiguse uso wa pedi wala diski.

Mafuta ya breki hukaguliwa. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, na ya DOT 4 kwa nyuzi zisizopungua 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango cha kuchemka hushuka. Yakichemka ndani ya mabomba, pedeli huzama hadi chini bila breki kushika. Kwa magari mengi, kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni utaratibu mzuri. Maji, maji ya sabuni na oili ya injini visiwekwe kamwe katika mfumo wa breki. Maji huchemka mapema na kuleta kutu, na oili huharibu mipira ya ndani.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedeli hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zilizorudishwa nyuma wakati wa kufunga pedi huhitaji kusogea mbele tena. Anayesahau hatua hii hukuta hana breki kwenye lango la gereji.

Mwisho ni kuzoesha pedi. Katika barabara isiyo na msongamano, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 20 kwa saa, kwa kukanyaga kwa kiasi, takribani mara kumi, ukiacha muda wa kupoza kati ya mara moja na nyingine. Kisha kwa kilomita 200 hadi 300 za mwanzo epuka breki za ghafla isipokuwa kwa dharura. Kama kijikaratasi cha mtengenezaji kina maelekezo tofauti, fuata hayo.

Baadaye, kagua pedi kila unapobadilisha oili. Sehemu ya kusugua ikibaki milimita 3, nunua nyingine. Mlio mwembamba wa chuma unaosikika ukikanyaga breki mara nyingi ni kibao cha tahadhari kinachogusa diski. Usiunyamazishe kwa kukikunja. Katika mteremko mrefu, shuka kwa gia ndogo, hata kama gari lako ni la otomatiki, ili injini isaidie kuzuia mwendo.

8. Hesabu ya bei

Wengi hununua pedi ya bei ya chini kwa sababu ya hali ya mfuko, nasi hatudharau sababu hiyo. Lakini bei ya dukani si gharama yote. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pedi A inauzwa shilingi 25,000 na hudumu miezi miwili katika gari la abiria, na pedi B inauzwa shilingi 60,000 na hudumu miezi saba. Ufundi ni shilingi 10,000 kila mara.

Pedi A: 25,000 + 10,000 = 35,000; gawanya kwa miezi 2; kila mwezi ni shilingi 17,500.
Pedi B: 60,000 + 10,000 = 70,000; gawanya kwa miezi 7; kila mwezi ni shilingi 10,000.

Iliyoonekana rahisi imekuwa ghali, na bado hatujahesabu siku ambazo gari lilikaa gereji wala diski iliyoliwa. Weka kumbukumbu ya tarehe na kilomita kila unapobadilisha pedi, nawe utapata hesabu ya gari lako mwenyewe badala ya mfano wetu.

9. Haki zako na hatua za kuchukua

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Anayeuza pedi ya kawaida kwa jina la seramiki, au pedi bandia kwa jina la chapa inayojulikana, hana ulinzi wa kusema kwamba mnunuzi hakuuliza. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 nayo inahusu matumizi ya alama za uongo juu ya bidhaa. Tume ya Ushindani hushughulikia udanganyifu na bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania hushughulikia ubora wa bidhaa kwa mujibu wa viwango. Karibu nawe zaidi, yupo Afisa Biashara wa halmashauri yako, iwe Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda au Wilaya ya Butiama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya EFD, na omba jina la chapa na namba ya pedi viandikwe. Maneno «spea za gari» peke yake hayatakusaidia siku ya malalamiko. Tunza risiti na boksi mpaka pedi zitakapoisha.

Ukigundua kasoro, fanya hivi kwa mpangilio. Acha kulitumia gari. Piga picha ya pedi zikiwa bado zimefungwa, kisha zitolewe na kutunzwa. Usimwachie fundi azitupe. Rudi dukani na risiti, boksi na pedi, ueleze tatizo kwa utulivu na useme unachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usiposikilizwa, andika malalamiko yenye tarehe, jina la duka na maelezo ya bidhaa, uyapeleke katika ofisi zilizotajwa. Malalamiko yako huweza kumwokoa mnunuzi anayefuata, ambaye hujui gari lake litakuwa limembeba nani.

10. Maswali ya kujipima

1. Mwenye IST ameambiwa kuwa pedi zilizoandikwa «CERAMIC» zitalipa gari lake breki kama za Porsche yenye diski za kabo-seramiki. Kosa liko wapi?
2. Dereva wa Noah ya abiria anachagua kati ya pedi yenye herufi FE na yenye herufi FF. Ni ipi itakayohifadhi nguvu zaidi ikipata joto?
3. Kwa nini pedi ya mashindano ni hatari katika breki ya kwanza ya asubuhi?
4. Fundi amemaliza kufunga pedi mpya na anakukabidhi ufunguo. Jambo gani lifanyike kabla gari halijasogea?

Majibu: (1) Pedi za seramiki hufungwa kwenye diski za chuma, na kabo-seramiki ni aina ya diski, hivyo ni vitu viwili tofauti. (2) FF. (3) Pedi ikiwa baridi msuguano wake ni mdogo. (4) Kukanyaga pedeli ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu.

Msomaji aliyeyajibu maswali yote manne yuko tayari kwenda dukani. Tunamwomba amsomee somo hili pia dereva wake, fundi wake, au jirani anayelitegemea gari kwa riziki ya nyumbani.